KURA YA BUNGENI NA MAJI YA ZIWA LETU



Ukisimama ufukweni Busisi, unaliona Daraja la J. P. Magufuli. Linavuka ziwa mpaka Kigongo. Urefu wake ni kilomita 3 hivi. Lilifunguliwa mwezi wa Juni, mwaka 2025. Fedha za kulijenga zilitoka serikalini, na serikali haitumii fedha za bajeti kabla Bunge halijazikubali kwa kura. Kwa hiyo kura inayopigwa Dodoma hufika mpaka Busisi.

Katika somo hili tutaona jinsi vyama vya siasa vinavyopiga kura bungeni juu ya sheria za tabianchi.

Sheria hizi zinatuhusu nini?

Tabianchi ni hali ya hewa ya mahali kwa miaka mingi: mvua, jua, joto na upepo. Moshi wa viwanda na magari, pamoja na ukataji wa misitu, umeongeza joto duniani. Joto likizidi, mvua nayo hubadilika. Pengine hunyesha kupita kiasi. Pengine hukosekana kabisa.

Wazee wanakumbuka mvua kubwa za miaka ya 1961 mpaka 1964. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 lilipanda tena sana. Mwaka 2024 likapita hata kiwango kile cha zamani. Maji yaliingia katika mashamba, nyumba na mialo ya watu wa pwani ya ziwa.

Maji yakipanda, nani ahame? Nani amsaidie anayehama? Nyumba mpya zijengwe wapi? Mambo kama hayo huamuliwa kwa sheria.

Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ndani yake mna sehemu inayomwagiza waziri achukue hatua juu ya mabadiliko ya tabianchi. Sheria hiyo pia ilikataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sasa jiulize: ziwa likisogea, mita 60 zihesabiwe kutoka wapi? Neno moja katika sheria laweza kuligusa shamba lako la mihogo.

Safari ya muswada

Sheria ambayo haijapitishwa huitwa muswada. Muswada husomwa bungeni mara ya kwanza, bila mjadala. Kisha hupelekwa kwenye kamati ya Bunge. Kamati huchunguza muswada na kusikiliza maoni ya watu unaowahusu.

Baada ya hapo muswada husomwa mara ya pili. Waziri hueleza, kamati hutoa maoni yake, na wabunge hujadili. Halafu vifungu hupitiwa kimoja kimoja. Hapo mbunge aweza kuomba neno libadilishwe. Mwisho husomwa mara ya tatu. Ukipita, hupelekwa kwa Rais. Rais akiutia sahihi, huwa sheria.

Kura hupigwaje? Mara nyingi kwa sauti. Spika huuliza. Wanaokubali husema "Ndiyo". Wasiokubali husema "Siyo". Sauti za upande ulio na wengi hushinda. Katika kura ya bajeti, wabunge huitwa majina, na kila mmoja hujibu peke yake.

Vyama hufanya nini?

Kwa kawaida mbunge haendi kupiga kura kama mtu aliye peke yake. Wabunge wa chama kimoja hukutana kwanza, hukubaliana msimamo, ndipo huingia ukumbini. Na Katiba yetu inasema kwamba mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake, hupoteza kiti. Kwa hiyo mbunge hufikiri sana kabla ya kukipinga chama chake.

Tanzania ilirudisha mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Tangu uchaguzi wa mwaka 1995, CCM ndiyo iliyo na wabunge wengi. Chama kikiwa na wabunge wengi, matokeo ya kura ya mwisho hujulikana mapema. Kazi kubwa ya kubadilisha muswada hufanyika kabla ya siku hiyo: katika kamati na katika mikutano ya vyama.

Wenzetu walipigaje kura?

Mwaka 2008 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya tabianchi. Vyama vikubwa vilikubaliana. Katika kura ya mwisho ya wabunge, 463 walikubali na 3 walikataa.

Mwaka 2022 mambo yalikuwa tofauti Marekani. Muswada wenye fedha nyingi za kupambana na mabadiliko ya tabianchi ulifika Baraza la Seneti. Upande wa Demokrati wote ulikubali. Warepublican wote walikataa. Kura zikawa 50 kwa 50. Makamu wa Rais, Kamala Harris, akapiga kura ya kuamua, na muswada ukapita.

Jirani zetu wa Kenya wana funzo jingine. Bunge lao lilipitisha muswada wa tabianchi wa mwaka 2012. Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia sahihi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Kazi ikaanza upya. Sheria ilipatikana mwaka 2016, Rais Uhuru Kenyatta alipoitia sahihi. Wananchi walipoachwa nje, wabunge walilazimika kurudi nyuma.

Wewe ufanye nini?

Kura ikipigwa kwa sauti, majina hayaandikwi. Huwezi kujua nani alisema nini. Lakini maneno ya wabunge katika mjadala huandikwa katika kumbukumbu za Bunge. Wewe sasa unajua kusoma. Unaweza kuyasoma mwenyewe.

Usingoje siku ya kura. Mbunge akija kwenye mkutano, mwulize: "Kuna muswada gani unaohusu ziwa, misitu au ardhi? Chama chako kina msimamo gani? Wewe utasema nini?" Andikeni maoni ya kijiji mapema, muyatie sahihi, muyapeleke kwa mbunge wakati muswada ungali kwenye kamati. Andikeni mambo mnayoyajua: maji yalifika wapi mwaka 2020, mashamba mangapi yalizama, dagaa wanaanikwa wapi sasa. Mbunge aliyeshika karatasi yenu ana la kusema, hata ndani ya mkutano wa chama chake.

Maswali ya kujadiliana

1. Muswada ni nini? Hupitia hatua zipi?
2. Kwa nini mbunge hufuata msimamo wa chama chake?
3. Kwa nini Rais wa Kenya alikataa kuutia sahihi muswada wa mwaka 2012?
4. Katika kijiji chenu, maji ya ziwa yalifika wapi mwaka 2024? Andikeni maneno 5 ambayo mngependa mbunge wenu ayaseme bungeni.