Neno "Mapinduzi" katika Majibu ya Maswali ya Historia

Mwanafunzi wa historia ya ulimwengu hukutana mara kwa mara na swali hili: "Eleza sababu za Mapinduzi ya Ufaransa na matokeo yake." Swali ni fupi, na maneno yake ni ya kawaida, hata hivyo jibu laweza kuharibika tangu sentensi ya kwanza, ikiwa mwandishi hakujiuliza ni kitu gani kilichopinduliwa.

Jina hili latokana na kitenzi pindua, nacho hakitimii bila ya yambwa: mtu hupindua chombo, au hupindua meza. Kitenzi kikisha kufanywa jina, yambwa hupotea, na mahali pake huja neno dogo "ya", lenye kubeba maana nyingi. Katika "mapinduzi ya serikali", serikali ndiyo iliyopinduliwa. Katika "mapinduzi ya umma", umma ndio uliopindua. Katika "Mapinduzi ya Viwanda", yaliyoanza Uingereza katika karne ya 18, viwanda havikupinduliwa. Kilichogeuzwa kwa njia ya viwanda ni namna ya watu kufanya kazi na kuishi. Ama "Mapinduzi ya Ufaransa", hapa twaonyeshwa mahali tu. Aliyepindua na kilichopinduliwa vyote vimefichwa.

Na tutazame mambo yenyewe. Mwezi wa Mei 1789 Mfalme Louis XVI, ambaye hazina yake ilikuwa imekauka, aliyakutanisha huko Versailles matabaka matatu ya nchi: makasisi, makabaila, na watu wa kawaida. Tarehe 17 Juni wajumbe wa tabaka la tatu walijitangaza kuwa Bunge la Taifa. Usiku wa tarehe 4 Agosti Bunge lilikubali kufuta haki za pekee za makabaila, na tarehe 26 likapitisha Tangazo la Haki za Binadamu na Raia. Wakati huo wote mfalme alikuwa angali katika kiti chake. Ufalme haukuondolewa mpaka Septemba 1792. Basi aandikaye kwamba ufalme uliondolewa mwaka 1789 amekosea kwa miaka mitatu, tena ameacha jambo kubwa zaidi: kilichopinduliwa kwanza ni cheo cha kuzaliwa nacho.

Mwezi wa Novemba 1799 Napoleon Bonaparte alitwaa serikali kwa msaada wa askari. Hayo pia kwa Kiswahili huitwa mapinduzi. Lakini safari hii walioondolewa ni watawala, na haki za kikabaila zilizofutwa hazikurudishwa.

Je, yatupasa kubuni neno jipya? La, si lazima. Lugha yetu yaweza kupambanua itakapo: yaliyotokea Unguja tarehe 12 Januari 1964 huitwa Mapinduzi, bali yale ya askari wa Tanganyika mwezi uo huo huitwa maasi, kwa kuwa serikali haikuanguka.

Linalotakiwa ni kumrudishia kitenzi yambwa wake. Kabla ya kuandika, mwanafunzi na ajiulize: nani alipindua? Alipindua nini? Na baada ya hapo kiliwekwa nini mahali pake? Na mtungaji wa maswali naye ajiulize hayo kwanza, asije akamnyima mwanafunzi alama kwa utata ambao yeye mwenyewe ameutia katika swali.