Hesabu si Hisabati: Neno kwa Vijana Waendao Chuo Kikuu

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa shule za sekondari yatangazwapo, kuna nyumba ambamo furaha huchanganyika na mashaka. Kijana amepata alama za juu kabisa katika hesabu, naye asema ataka kusomea somo hilo hilo mpaka apate digrii. Mama afurahi. Baba akuna kichwa, kisha auliza: "Ukisha kuhesabu, mwanangu, utahesabu nini?"

Mimi nilikuwa mmoja wa vijana hao. Baba aliniuliza swali hilo jioni moja tulipokuwa tumesimama karibu na zizi, na kesho yake alikuwa ampeleke mnadani mtamba wetu ili nipate ada, nauli na godoro. Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia tu kwamba nalipenda somo hilo, na kwamba kwangu ni jepesi. Neno la kwanza lilikuwa kweli. La pili lilikuwa kosa, nalo nusura lipoteze mtamba wa baba bure. Naandika makala haya ili kijana mwingine asiondoke kwao na kosa lilo hilo, na ili mzazi wake ajue ni safari gani anayoigharimia.

MTIHANI WA KWANZA

Shuleni nilikuwa hodari wa kupata majibu. Mwalimu akiandika swali ubaoni, mimi nilitambua ni la namna gani, nikakumbuka njia yake, nikaifuata mpaka mwisho. Nilidhani chuo kikuu ni shule ile ile, ila maswali yake ni marefu zaidi.

Mtihani wa kwanza ulinizindua. Nilijaza kurasa sita, na hesabu zote zilizokuwamo zilikuwa sahihi. Karatasi iliporudi nilikuta nimepata alama 34 katika 100, na pembeni mwa kila ukurasa mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu maneno mawili tu: "Kwa nini?" Maswali yalisema "thibitisha", nami nilikuwa nimetoa mifano. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikipiga bongo nitawaambiaje watu wa nyumbani kwamba nataka kubadili somo.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mmoja mzee, nikamweleza nia yangu. Hakunipa pole wala hakunikemea. Alinipa kipande cha karatasi akasema: "Chukua namba yoyote kuanzia 0. Izidishe kwa yenyewe, ongeza namba ile ile, kisha ongeza 41. Niambie wapata nini."

Nikaanza. Kwa 0 nilipata 41. Kwa 1 nilipata 43. Kwa 2 nilipata 47. Kwa 3 nilipata 53. Kwa 4 nilipata 61. Zote hizo ni namba tasa, yaani namba zisizogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Nikaruka mpaka 10, nikapata 151, nayo ni tasa. Nikajaribu 20, nikapata 461, nayo ni tasa. Nikamwambia: "Mwalimu, kanuni hii hutoa namba tasa siku zote." Akanijibu: "Endelea."

Niliendelea mpaka 39 bila kuona kasoro. Nilipofika 40 nilipata 1681, na namba hiyo si tasa hata kidogo, kwa kuwa ni 41 mara 41. Majaribio 40 yalikuwa yamefaulu, na jaribio la 41 likaangusha yote. Mfano huo watokana na Leonhard Euler, mtaalamu mkubwa kutoka Uswisi, ambaye aliandika juu ya jambo hilo mwaka wa 1772. Mwalimu akasema: "Sasa wajua kwa nini sikukupa alama. Ulileta mashahidi arobaini. Mimi nilitaka sababu."

SABABU NI KITU GANI?

Huenda msomaji akauliza: ikiwa mifano mingi haitoshi, ni nini kitakachotosha? Na tuchukue jambo ambalo mtu aweza kulifanya kwa kete za bao au kwa punje za mahindi.

Jumlisha namba witiri kwa taratibu yake. 1 na 3 ni 4. Ongeza 5, ni 9. Ongeza 7, ni 16. Majibu hayo ni 2 mara 2, 3 mara 3, na 4 mara 4. Je, itakuwa hivyo daima, au nako kuna 40 yake iliyojificha mbele?

Weka kete moja chini. Zungushia kete 3 upande wa kulia, upande wa juu na penye pembe. Umepata mraba wenye kete 2 kila upande. Zungushia 5 kwa namna iyo hiyo, wapata mraba wa 3 kwa 3. Sasa fikiri juu ya mraba wowote, uwe mkubwa kiasi gani. Ili uukuze kwa safu moja, wahitaji kete za kutosha upande mmoja, kete kadiri hiyo upande wa pili, na kete moja ya kujaza pembe. Yaani ni pande mbili zilizo sawa, na moja zaidi. Na hiyo ndiyo namba witiri inayofuata. Basi mraba hauna budi kuzaa mraba, hata ukiendelea mpaka mwisho wa dunia. Hatukujaribu namba milioni moja, wala hatuna haja. Tumeona sababu, na sababu hiyo haimwachi mtu nafasi ya kubisha.

Hiyo ndiyo ithibati, na hiyo ndiyo tofauti ya hesabu na hisabati. Hesabu hukuambia ni ngapi. Hisabati hukuambia kwa nini haiwezi kuwa vingine. Kijana anayekwenda kuchukua digrii ya hisabati aenda kujifunza hili la pili, na mara nyingi hakuna aliyemwambia.

MAMBO YAFUNDISHWAYO

Digrii ya kwanza kwa kawaida huchukua miaka 4 katika Kenya, na miaka 3 katika Uingereza. Mwaka wa kwanza mwanafunzi husoma kalkulasi, yaani elimu ya vitu vinavyobadilika. Aljebra ya mistari na ya safu za namba. Na misingi ya takwimu. Baadaye hukutana na uchanganuzi, ambamo kila alichokipokea kwa imani katika kalkulasi hudaiwa sababu. Na aljebra ya nadharia, ambamo huchunguza taratibu za namba pasipo namba zenyewe. Wengine hufuata takwimu, wengine milinganyo itumikayo katika fizikia na uhandisi.

Uchanganuzi ndio kisiki wanachojikwaa wengi. Tazama orodha hii: 1, nusu, thuluthi, robo, na kuendelea. Kila mtu aona kwamba yakaribia 0. Lakini "kukaribia" maana yake nini? Jibu la wataalamu ni kama mchezo wa watu wawili. Wewe nitajie umbali wowote kutoka 0, hata uwe mdogo namna gani. Mimi nitakutajia mahali katika orodha ambapo kuanzia hapo kila namba imo ndani ya umbali huo. Ukisema sehemu moja ya 100, nitakujibu: baada ya namba ya 100. Ukisema sehemu moja ya milioni, nitakujibu: baada ya namba ya milioni. Nikiweza kukujibu kila utegapo, orodha yakaribia 0 kweli. Ukinishinda mara moja tu, haikaribii.

Mwanafunzi asione haya akichelewa kulifahamu jambo hilo. Newton na Leibniz walivumbua kalkulasi katika karne ya 17, na watu wakaitumia kupimia mwendo wa sayari kabla ya misingi yake kuwekwa imara. Ni Mfaransa Cauchy, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1821, na baada yake Mjerumani Weierstrass, walioijenga misingi hiyo. Jambo lililowachukua mabingwa zaidi ya miaka 150 si ajabu likimtoa jasho kijana kwa muda wa miezi michache.

SHAURI KWA MWANAFUNZI

Baada ya siku ile sikubadili somo, bali nilibadili desturi yangu. Nayatoa hapa mambo manne yaliyonifaa.

Kwanza, jifunze maana ya kila neno kama vile mwanasheria ajifunzavyo maneno ya sheria. Katika hisabati neno moja likilegea, hoja nzima huanguka.

Pili, usisome kitabu cha hisabati kama gazeti. Kaa na kalamu na karatasi. Ukiisha soma ithibati, funika kitabu uiandike mwenyewe; utakapokwama, hapo ndipo ulipokuwa hujafahamu. Ukurasa mmoja kwa jioni nzima si uvivu.

Tatu, tafuta wenzako wawili au watatu, mkaelezane kwa sauti. Mwenzako akikuuliza "kwa nini?" usikasirike, maana amekupa msaada ambao mtihani hautakupa.

Nne, ukishindwa, mwendee mwalimu mapema. Wengi walioacha somo hili hawakukosa akili. Walikuwa hodari shuleni, na kwa kuwa hawakuzoea kushindwa, waliona aibu kuuliza.

Kwa wasichana naongeza neno. Wako wanaoambiwa hata leo kwamba somo hili ni la wanaume. Mwaka wa 1890, katika mtihani wa hisabati wa Cambridge uliosifika kuliko yote, Philippa Fawcett alipata alama zilizozidi kwa mbali zile za mwanamume aliyekuwa wa kwanza. Hata hivyo hakupewa digrii, kwa sababu chuo kikuu hicho hakikuwapa wanawake digrii mpaka mwaka wa 1948. Mlango ule uliofungwa sasa u wazi. Asiwepo wa kuufunga tena kwa maneno.

NI KAZI GANI ITAKAYOPATIKANA?

Sasa narudi kwenye swali la wazee, maana ni swali la haki. Mwenye digrii ya hisabati aweza kuwa mwalimu, na shule zetu zawahitaji walimu wa somo hili wanaolijua mpaka mizizini. Aweza kufanya kazi katika takwimu, katika mabenki, au katika makampuni ya bima ambako hukadiriwa hatari na malipo yake. Aweza kuingia katika kazi za kompyuta na utabiri wa hali ya hewa.

Lakini faida nyingine haionekani upesi. Mwingereza G. H. Hardy, aliyeandika mwaka wa 1940 juu ya maisha yake ya hisabati, aliona kwamba elimu ya namba aliyoipenda haina matumizi ya kazi. Mwaka wa 1977, Rivest, Shamir na Adleman walitumia namba tasa kutunga njia ya kuficha siri, na njia hiyo imekuwa miongoni mwa zile zinazolinda barua na fedha zinazopita katika kompyuta. Mkulima hupanda mwembe asijue ni mtoto wa nani atakayekula embe.

Tena tusisahau tulikotoka. Katika miaka ya 1950, kijana wa Kenya aliweza kupanda gari la moshi mpaka Kampala, kwenda Makerere, akasomea huko digrii iliyotolewa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka wa 1963 ulianzishwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka wa 1970 kikagawanyika kuwa vitatu: Nairobi, Dar es Salaam na Makerere. Leo vyuo vikuu vya Kenya vinavyofundisha hisabati ni vingi. Ugumu wa kukifikia chuo umepungua. Ugumu wa somo umebaki pale pale, na si vibaya ubaki.

Siku nilipomaliza masomo, baba aliniuliza tena tukiwa pale pale penye zizi: "Haya, mwanangu, kazi yako hasa ni nini?" Nikamjibu: "Baba, mtu akileta neno, kazi yangu ni kuuliza kwa nini, na kuuliza tena, mpaka neno lisimame lenyewe au lianguke." Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Hiyo ni kazi ya wazee wa baraza," akasema. "Nao hawakuuziwa mtamba."

Vijana, nendeni mkasome. Mkipewa alama 34 msikimbie. Tazameni pembeni mwa karatasi mwone mwalimu ameuliza nini, mkaanzie hapo. Nanyi wazazi, mtoto akiwaandikia kwamba somo limemshinda katika miezi ya kwanza, msimwite nyumbani upesi. Yamkini ndiyo kwanza ameanza kulisoma.