Kabla hujalipia mchezo mpya wa mtandaoni: Funzo la New World

Na MWANDISHI WETU

KILA mchezo mpya wa mtandaoni unapozinduliwa, vijana wanaopenda burudani ya tarakilishi hujiuliza swali lile lile: Je, ninunue leo au nisubiri?

Swali hilo si dogo. Mchezo wa aina hii hugharimu fedha, lakini zaidi ya fedha hudai muda wa mchezaji kwa miezi, pengine hata miaka. Kwa kijana anayenunua intaneti kwa vifurushi, au anayelipia kila dakika katika saiba ya mtaani, uamuzi mbaya ni hasara maradufu.

Michezo inayozungumziwa hapa ni ile ambayo maelfu ya watu, kila mmoja akiwa kwake, huingia kwa wakati mmoja katika ulimwengu mmoja wa kubuni. Kila mchezaji humuumba mhusika wake na kumpa jina. Kisha humkuza ngazi kwa ngazi kwa kupigana na mazimwi, kuchimba madini, kufua vyuma, kuvua samaki na kufanya biashara na wenzake.

Tofauti yake na mchezo wa kawaida, mathalani ule wa kandanda unaochezwa sebuleni, ni kwamba ulimwengu huo haumo katika tarakilishi ya mchezaji. Umehifadhiwa katika mashine za kampuni ziitwazo seva, nao huendelea kuwepo hata mchezaji anapokwenda kulala. Ni kwa sababu hiyo hukumu juu ya mchezo kama huu haiwezi kutolewa siku ya kwanza.

Umati wa siku za mwanzo

Mfano mwafaka ni New World, mchezo uliozinduliwa na kampuni ya Amazon ya Marekani mnamo Septemba 28, 2021. Uliuzwa kwa karibu dola 40, bila ada ya kila mwezi. Wachezaji walipelekwa katika kisiwa cha kubuni kiitwacho Aeternum, chenye sura ya karne ya 17, ambako makundi matatu yalipigania miji na ngome.

Watu walimiminika. Katika siku hizo za mwanzo, zaidi ya watu 900,000 walikuwa wakiucheza kwa wakati mmoja kupitia duka la mtandaoni la Steam. Foleni zikawa ndefu ajabu, na wapo waliosubiri kwa saa kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuingia katika mchezo ambao tayari walikuwa wameulipia.

Aliyeutazama umati huo angeapa kwamba Amazon imepata mchezo wa kudumu miaka ishirini. Lakini wahenga walinena kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kufikia mwishoni mwa Januari 2022, idadi ya waliokuwa wakicheza kwa wakati mmoja haikufika hata robo ya ile ya siku za mwanzo.

Ni nini kilichotokea? Kwanza, wengi walipoifikia ngazi ya 60, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ya juu kabisa, waligundua kwamba hawakuwa na mengi mapya ya kufanya. Kazi walizopewa zilifanana: nenda pale, ua wanyama kadhaa, fungua masanduku, urudi. Mambo hayo huvumilika wiki ya kwanza wakati kila bonde ni geni. Wiki ya sita huwa uchovu mtupu.

Pili, kulikuwa na kasoro za kiufundi. Mnamo Novemba 2021 ilibainika kwamba baadhi ya wachezaji walikuwa wamepata mbinu za kuzizidisha dhahabu na bidhaa zao bila kuzitolea jasho. Kampuni ililazimika kuusimamisha kwa muda ubadilishanaji wa mali baina ya wachezaji.

Asiyecheza huenda akaona hilo ni jambo la kitoto. Ukweli ni kwamba soko ndilo uti wa mgongo wa michezo hii. Dhahabu inapozidishwa kwa hila, ni sawa na noti bandia kumwagwa sokoni: bei huyumba na aliyechimba madini kwa wiki tatu huona kazi yake imekuwa bure. Anayevunjwa moyo kwanza ni yule mchezaji mwaminifu.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba Amazon iliutelekeza mchezo wake papo hapo. Iliufanyia marekebisho mengi, ikauongezea nchi mpya mwaka wa 2022 na nyingine mwaka wa 2023. Mnamo Oktoba 2024 iliuleta katika mashine za PlayStation na Xbox kwa jina jipya la New World: Aeternum. Aliyeanza kuucheza wakati huo alikuta mchezo uliokomaa kuliko ule wa mwaka wa 2021.

Kisha, mnamo Oktoba 2025, Amazon ilipokuwa ikipunguza wafanyakazi, ilitangaza kwamba haitautengenezea mchezo huo mambo mapya tena. Miaka minne tangu siku ya zile foleni, ulimwengu wa Aeternum ukawa nyumba iliyohamwa na mafundi wake.

Mwanzo mbaya, mwisho mwema

Yapo pia yaliyokwenda kinyume na hayo. Kampuni ya Square Enix ya Japani ilizindua Final Fantasy XIV mnamo Septemba 30, 2010, na mchezo huo ukapondwa kila mahali. Ulikuwa mzito, wenye menyu za kutatanisha na mandhari yaliyojirudia. Kampuni iliomba radhi hadharani na kwa muda mrefu haikuwatoza wachezaji ada.

Mnamo Desemba mwaka huo, kazi ya kuuokoa alikabidhiwa Naoki Yoshida. Badala ya kutia viraka pekee, kikosi chake kiliamua kuujenga upya mchezo wote. Seva za mchezo wa kale zilifungwa Novemba 2012, nao mpya ukazinduliwa Agosti 27, 2013. Ulipendwa kiasi kwamba mnamo Desemba 2021 kampuni ilisitisha kuuuza kwa muda, kwani seva zilikuwa zimefurika.

Ukiiweka mifano hiyo miwili kando kwa kando, jambo moja huwa wazi. Aliyeihukumu New World kwa umati wa wiki ya kwanza alikosea, na aliyeihukumu Final Fantasy XIV kwa aibu ya wiki ya kwanza alikosea vile vile. Wiki ya kwanza huonyesha ukubwa wa tangazo la biashara. Uzima wa mchezo huanza kuonekana mwezi wa tatu, wakati wageni wameondoka na wenyeji wamebaki.

Unanunua nini hasa?

Mnunuzi wa kitabu hukiweka rafuni, na hata mchapishaji akifilisika kitabu kitabaki chake. Mnunuzi wa mchezo wa mtandaoni hana uhakika huo. Anachokipata ni ruhusa ya kuingia maadamu mwenye seva hajazima taa.

Wachezaji wa City of Heroes walilifahamu hilo kwa uchungu. Mchezo huo ulioanza mwaka wa 2004 ulifungwa Novemba 30, 2012, licha ya maombi ya waliokuwa wameucheza kwa miaka minane. WildStar nao ulizinduliwa Juni 2014 kwa mbwembwe na ada ya kila mwezi, ukafungwa Novemba 2018. Mashujaa, nyumba na silaha za wachezaji zilitoweka pamoja nayo.

Suala hili limewafikia hata watunga sheria. Mnamo Septemba 2024, jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumfahamisha mteja bayana kwamba anapata leseni tu, wala si umiliki kamili.

Wapo watakaouliza: Ikiwa ni hivyo, kuna haja gani ya kucheza? Jibu ni kwamba si kila kitu chema hudumu. Anayelipa kiingilio uwanjani kutazama mechi haendi nyumbani na uwanja, wala halalamiki. Muhimu ni kujua unacholipia: huu ni ushirika na burudani ya muda, si akiba ya mali.

Isitoshe, siku za mwanzo zina utamu ambao haurudi. Kila mtu yuko ngazi ya kwanza, hakuna tajiri wala maskini, vijiji vimejaa, na hakuna anayejua kilicho nyuma ya mlima. Mgeni anayekuja mwaka wa tatu aghalabu hukuta wenyeji wamepanda juu huku mabonde ya wanaoanza yakiwa matupu. Kusubiri nako kuna gharama yake.

Masafa, mashine na mfuko

Kwa mchezaji wa Kenya, yapo mambo ya ziada ambayo wahakiki wa Ulaya na Marekani huwa hawayagusi. La kwanza ni masafa. New World ilipozinduliwa, seva zake ziligawanywa katika maeneo ya Marekani, Ulaya, Amerika Kusini na Australia. Barani Afrika haikuwepo hata moja.

Tangu nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti yetu imepata kasi kubwa. Lakini hata nuru ina mipaka. Ndani ya waya wa nuru, ishara husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 kwa njia ya waya, safari ya kwenda na kurudi haiwezi kuchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa kawaida huzidi hapo.

Kwa mchezo wa kuchagua silaha na kungoja zamu, ucheleweshaji huo si neno. Kwa mchezo kama New World, ambao humtaka mchezaji kukwepa upanga kwa wepesi wa mkono wake, mpinzani aliye Frankfurt tayari ana faida juu ya aliye Nakuru au Kisumu. Nyaya zenyewe hukatika pia. Mnamo Mei 2024, hitilafu ya EASSy na SEACOM ilipunguza mno kasi ya intaneti katika Afrika Mashariki.

La pili ni mashine. New World ilihitaji nafasi ya gigabaiti 50 katika diski na kumbukumbu isiyopungua gigabaiti nane. Mtu anayetumia vifurushi vya simu na akokotoe gharama ya kupakua gigabaiti hizo, kisha akumbuke kwamba marekebisho ya mara kwa mara nayo hupakuliwa.

La tatu ni michezo inayoitwa ya bure. Mingi hurejesha gharama zake kwa kuuza mavazi, wanyama wa kupanda na masanduku ya bahati nasibu ndani ya mchezo. Mnamo 2018, tume inayosimamia kamari nchini Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya aina hiyo katika baadhi ya michezo yalikuwa kamari. Mzazi aliyeunganisha kadi ya benki na simu ya mtoto hana budi kuwa macho.

Muda nao si wa kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliujumuisha uraibu wa michezo ya kidijitali katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia na kuutanguliza mchezo mbele ya masomo, kazi na usingizi hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kucheza jioni mbili kwa wiki na marafiki si ugonjwa.

Uamuzi

Je, basi, mchezo mpya wa mtandaoni wafaa? Unafaa kujaribiwa siku ya kwanza ikiwa hautozi kiingilio, ikiwa mashine yako inaumudu, na ikiwa una marafiki mtakaoingia pamoja. Ukiwa wa kulipia, ngoja miezi mitatu. Hautakuwa umekimbia, na ukiwa umekufa utakuwa umeokoa fedha zako.

Wakati huo ukifika, usitazame matangazo. Chunguza kama kampuni imekuwa ikirekebisha kasoro zake, kama soko la mchezo halijaharibiwa na wadanganyifu, na kama waliofika ngazi ya juu wangali na la kufanya. Uliza pia seva ya karibu iko wapi.

Kwa asiye na subira, ipo michezo ya zamani iliyokwisha kuthibitisha uhai wake. RuneScape ilianza Januari 2001. Toleo lake la mtindo wa kale, Old School RuneScape, lililoletwa mwaka wa 2013 baada ya wachezaji kupiga kura, lilifika katika simu za mkononi mwaka wa 2018. Sehemu yake ndogo huchezwa bila malipo, na halihitaji tarakilishi ya bei ghali wala wepesi wa mkono. Anayetaka kujua iwapo michezo ya aina hii inamfaa aanzie hapo, kabla ya kutoa dola 40 kwa ulimwengu ambao bado haujapata wenyeji.