Saida ya nanasi: ulimi si kipimo

Aliyewahi kupeleka maziwa kituoni anaijua laktomita. Ni kijiti cha kioo chenye tumbo, kinatumbukizwa kwenye maziwa, na kikizama kupita alama, mwenye ng'ombe anarudi na ndoo yake huku watu wanamtazama. Ndugu yake ni haidromita. Fundi wa betri za magari anayo ya kwake, na anayechachusha juisi ya matunda nyumbani anahitaji ile ya kupimia sukari.

Mimi niliwahi kudhani siihitaji. Msimu mmoja mananasi ya Kiwangwa yalikuwa bei ya kutupa, nikakamua ndoo nzima, nikatia hamira, nikafunika. Wiki mbili baadaye shemeji akauliza, "Hii ina asilimia ngapi?" Nikaonja, nikakunja uso kitaalamu. "Nne hivi." Akanywa glasi tatu, akalala kwenye kochi mpaka alfajiri.

Ulimi hudanganywa na utamu. Saida, yaani juisi ya tunda iliyochachushwa, ikiwa na sukari huteremka kama juisi hata ikiwa kali, na iliyokauka sukari huonekana kali kuliko ilivyo. Cha kuhesabu ni sukari iliyopotea. Hamira hula sukari, ikatoa kilevi na gesi. Gesi inapaa zake, kilevi kinabaki. Juisi yenye sukari ni nzito, kwa hiyo haidromita huelea juu. Sukari ikiliwa, inazama.

Basi vipimo ni viwili. Cha kwanza ni kabla ya hamira. Tuseme juisi ya nanasi imesoma 1.052, yaani ni nzito kuliko maji kwa sehemu 52 katika elfu. Cha pili ni uchachu ukiisha: 1.004. Toa, unapata 0.048. Zidisha kwa 131.25, jibu ni 6.3. Hiyo ndiyo asilimia ya kilevi, kwa makadirio yanayotosha kabisa jikoni. Usishtuke ukisoma chini ya 1.000; kilevi ni chepesi kuliko maji.

Kipimo cha kwanza ndicho wengi tunakisahau, na kikishapita hakirudi. Ndoo ikishachacha, haidromita peke yake haiwezi kukwambia ilianza na sukari kiasi gani.

Halafu kuna mkono mwepesi wa sukari. Gramu 17 kwa lita huongeza kilevi kwa asilimia 1 hivi. Kilo moja "ya kuchangamsha tu" kwenye ndoo ya lita 20 ni karibu asilimia 3 nzima. Ukiitia, koroga mpaka iyeyuke yote ndipo upime. Ikilala chini, kipimo kitakudanganya. Chuja nyama za tunda, na kwenye kipimo cha pili tikisa sampuli gesi itoke, maana mapovu hukibeba kijiti juu ukadhani kilevi ni kidogo. Haidromita nyingi zimepangwa kwa nyuzijoto 20, na Dar es Salaam nyuzi hizo ni za kwenye friji. Ila vipimo vyote viwili vikichukuliwa katika joto lile lile, kosa kwa kiasi kikubwa linajifuta.

Kijiti hicho hulinda na chupa pia. Mimi nilifunga zangu kwa kuona mapovu yametulia. Usiku mmoja moja ikapasuka kabatini, vioo mpaka kwenye unga. Hamira ilikuwa bado inakula. Siku hizi sifungi mpaka kipimo kisome vile vile siku tatu mfululizo.

Shemeji bado anakuja, na sasa namwandikia namba kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito. Za nusu lita, 6.3. Akinywa nne, ni sawa na bia tano za ujazo huo zenye asilimia 5, na funguo za pikipiki nazishika mimi.