Kompyuta Inayozimika Katikati ya Mchezo: Namna ya Kutafuta Chanzo

Kompyuta ya nyumbani ikianza kusumbua, kila mtu ana kitenzi chake. Mmoja anasema imekufa, mwingine imelala, wa tatu imekwama. Fundi akiambiwa "imekufa" tu, hana njia ila kubahatisha, na kubahatisha kwa fundi hulipwa kwa dola. Ndiyo maana naanza na maneno. Baadaye nitaeleza hatua tulizofuata nyumbani kwetu, hapa Lubumbashi, kwa kompyuta ya michezo iliyokuwa ikituachia giza karibu kila jioni.

Wasomaji wa kitivo chetu wanaweza kuuliza: michezo inatuhusu nini? Mashine ile ndiyo pekee ya nyumbani. Mdogo wangu anachezea mpira humo, nami nimehifadhi humo rekodi za nkambo na wazee wenzake kwa Kisanga, ambazo ni msingi wa tasnifu yangu. Faili inayoandikwa wakati umeme unatoweka inaweza kubaki nusu, na mzee aliyesimulia mwaka jana huenda hayupo tena wa kusimulia upya. Kwa hiyo, kabla ya jaribio lolote, tulinakili rekodi zote kwenye diski mbili za nje. Hiyo ni hatua ya kwanza kwa yeyote.

Vitenzi vinne

Kuganda: picha inasimama, kipanya hakisogei, lakini feni na taa zinaendelea. Hapa watuhumiwa ni wengi: memori, diski, kadi ya michoro au programu.

Kujifunga: mchezo unatoweka peke yake, Windows inabaki hai. Mara nyingi kosa liko katika mchezo wenyewe, faili zake, au kiendeshi cha kadi ya michoro.

Kutoa skrini ya bluu: Windows imegundua kosa, ikajisimamisha na kuacha jina la kosa hilo. Jina hilo liandikwe au lipigwe picha kwa simu. MEMORY_MANAGEMENT linaelekeza kwanza kwenye memori. VIDEO_TDR_FAILURE linatokea kadi ya michoro inaposhindwa kuitika na kurudi kazini. Kwa kawaida Windows huipa sekunde 2 tu. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR linaelekeza kwenye vifaa vyenyewe kuliko programu.

Kuzimika: giza la ghafla, bila ujumbe, kana kwamba mtu amechomoa waya. Windows haikupata hata nafasi ya kusema. Hapo tuhuma ya kwanza ni umeme, ya pili ni joto.

Yetu ilikuwa inazimika. Neno hilo moja lilipunguza kazi kwa nusu.

Shahidi asiyejua mengi

Windows ina daftari lake la matukio, ambalo katika toleo la Kifaransa linaitwa Observateur d'événements. Humo tulikuta, kwa kila jioni ya giza, tukio namba 41 la Kernel-Power. Wengi wakiliona hukimbilia kusema kwamba limetaja chanzo. Hapana: linasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Lakini lina kipengele kiitwacho BugcheckCode. Kikiwa na namba nyingine isiyo sifuri, kulikuwa na skrini ya bluu hata kama hamkuiona. Chetu kilikuwa 0 kila mara. Hilo lilithibitisha kitenzi chetu.

Mchezo ni mazingira, si chanzo

Nyumbani hukumu ilikuwa imeshatolewa. Mzee wetu aliona kwamba mimi nikifanya kazi na Praat au ELAN saa tatu mfululizo hakuna kinachotokea, ila mdogo wangu akicheza dakika ishirini, giza. Basi mchezo ndio unaoua mashine, na ufutwe. Naye fundi mmoja wa mjini alisema ubao mama umekwisha, tununue mwingine.

Mwanafunzi wa fonolojia anaijua hoja hii. Sauti inapobadilika mbele ya irabu fulani, irabu hiyo ni mazingira ya badiliko. Bado lazima tueleze kinachosababisha. Praat haiisumbui kadi ya michoro. Mchezo unaiamuru ifanye kazi kwa nguvu zake zote, nayo inadai umeme mwingi na kutoa joto jingi. Kwa hiyo swali sahihi lilikuwa: mashine ikifanya kazi kwa nguvu zote, ni kipi kinachoshindwa?

Kubadilisha kitu kimoja tu

Tunapotaka kujua kama /p/ na /b/ ni fonimu mbili, tunatafuta jozi mlinganuo finyu: pata na bata. Kila kitu kinabaki kilekile isipokuwa sauti moja. Tulipima kompyuta kwa sheria hiyo: mchezo uleule, uwanja uleule, dakika 60, na badiliko moja kwa kila jaribio. Mdogo wangu ndiye aliyecheza, nami nikashika daftari.

Kwanza, joto. Tuliwasha HWiNFO, programu inayoandika vipimo kwenye faili kila baada ya sekunde chache. Mstari wa mwisho kabla ya giza ulionyesha prosesa nyuzi 68 na kadi ya michoro nyuzi 74, joto ambalo vifaa hivyo huvumilia. Tuliondoa vumbi jekundu la kiangazi kwenye feni. Joto likashuka kidogo, mashine ikazimika vilevile.

Pili, memori. MemTest86, inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla ya Windows, ilimaliza mizunguko 4 bila kosa hata moja.

Tatu, umeme wa nyumba. Tuliibeba kompyuta hadi kwa shangazi, komini ya Katuba. Ikazimika na huko, huku taa na televisheni yake zikiwaka bila kutikisika.

Nne, mzigo. Tuliuwekea mchezo kikomo cha picha 30 kwa sekunde. Saa nzima ikapita. Tukaondoa kikomo: giza katika dakika ya kumi na nne. Sasa tulikuwa na jozi yetu. Mchezo ni uleule, tofauti ni kiasi cha umeme unaodaiwa.

Kusoma kibandiko

Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa volti ndogo. Mafundi wetu wanakiita alimentation. Chetu kilikuja na mashine, iliyonunuliwa ikiwa imetumika. Ubavuni kimeandikwa kwa herufi kubwa 500 W. Lakini prosesa na kadi ya michoro hula karibu umeme wao wote kwenye mstari wa volti 12, na chini ya herufi kubwa kuna jedwali dogo. Kwa mstari huo liliahidi ampea 22. Zidisha: 12 mara 22 ni wati 264.

Kadi yetu, RX 580, imewekewa na watengenezaji wati 185. Prosesa, Core i5-6500, ni wati 65. Jumla 250, kabla ya kuhesabu feni, diski na ubao mama. Zaidi ya hayo, kadi ya michoro hudai kwa vipindi vifupi sana kuliko wastani wake. Kisanduku kikizidiwa, kinga yake hukata umeme mara moja. Hilo ndilo giza letu.

Hesabu bado ilikuwa dhana. Tuliazima kisanduku kingine kwa binamu, chenye ampea 40 kwenye volti 12. Jioni tatu, hakuna giza. Kisha tukarudisha kile cha zamani, na hatua hii wengi huiruka: kikazima mashine usiku uleule. Bila kurudisha, hatungejua kama ni kisanduku kilichoponya au ni waya uliokaa vizuri tulipokuwa tukichomeka upya.

Ubao mama haukununuliwa, mchezo haukufutwa. Mzee alitoa pesa ya kisanduku, bei ndogo kuliko ile ya ubao.

Unapokwenda kwa fundi

Mpelekee karatasi yenye mambo matano: kitenzi sahihi, mashine ilikuwa ikifanya nini, jina au namba ya kosa, joto la mwisho lililoandikwa, na ni kitu gani ukibadilisha tatizo linabadilika. Fundi mwaminifu atafurahi kwa sababu umempunguzia kazi. Anayetaka kukuuzia ubao mama, mwombe akuonyeshe jaribio lake: alibadilisha nini, na alirudisha nini.