Arbroath, Klabu ya Magoli 36

Wanangu, hii si paukwa pakawa. Ilitokea kweli, na asiyeamini akafungue vitabu vya rekodi za soka: Arbroath 36, Bon Accord 0. Ilikuwa tarehe 12 Septemba 1885, raundi ya kwanza ya Kombe la Uskoti. Miaka zaidi ya 130 imepita na hakuna klabu kubwa wala ndogo ya Uingereza iliyoivunja rekodi hiyo kwenye mashindano rasmi ya wakubwa.

Najua mnataka tuanze na mvua hiyo ya magoli. Subirini kwanza niwatembeze mjini.

Arbroath ni mji wa wavuvi kwenye pwani ya mashariki ya Uskoti, unatazamana na Bahari ya Kaskazini. Wakazi wake ni kama 24,000. Chakula kilichoupatia sifa ni samaki wa moshi: hadoki wawili wawili hufungwa mikia kwa uzi, huning'inizwa kwenye kijiti juu ya moto wa magogo, kisha hufunikwa kwa magunia mabichi ili moshi usitoroke. Klabu yao ilianzishwa mwaka 1878, na wachezaji wake wanaitwa watu wa taa nyekundu kwa sababu ya taa iliyokuwa ikiwaonyesha wavuvi njia ya kuingia bandarini usiku.

Uwanja wao, Gayfield, ulianza kutumika mwaka 1880, nao uko ufukweni hasa. Ukitoka jukwaani unakutana na ukuta, na nyuma ya ukuta ni maji. Inasemekana hakuna uwanja wa soka Ulaya ulio karibu na bahari kuliko huo. Maji yakijaa, nafasi inayobaki ni mita tano hivi. Siku za bamvua, dhoruba ikivuma, mawimbi huruka ukuta na kuwamwagia mashabiki. Nanyi mnaoijua kusi msidhani mmeshaujua upepo wa Gayfield, maana ule unakuja na baridi ya barafu. Kipa anapiga mpira kwenda mbele, mpira unapanda, unasita huko juu, halafu unageuka na kurudi alikosimama mpigaji. Timu ngeni huwa zinalalamika. Wenyeji wamekulia humo.

Basi, msimu wa 1884-85 walikuja Rangers kutoka Glasgow kucheza mechi ya Kombe la Uskoti. Arbroath wakashinda 4-3. Wakubwa hawakukubali: walisema wamefungwa kwenye kibustani cha nyuma ya nyumba, wakakata rufaa, uwanja ukapimwa. Sheria ilitaka upana usipungue yadi 50, na Gayfield ilipungua inchi 11. Leteni rula zenu za shule, zile za sentimita 30, mkate sentimita mbili: upungufu wenyewe ndio huo. Mechi ikaamriwa irudiwe, na Rangers wakashinda 8-1.

Kwa hiyo hao mnaowasikia kwa kufunga 36 walikuwa wenyewe wametoka kufungwa nane, tena mwaka haujaisha.

Sasa ndiyo tuje kwenye ile Jumamosi ya magoli 36. Bon Accord walisafiri kutoka Aberdeen, jiji lililo kaskazini, umbali wa kilomita 80 hivi. Mtawasikia watu wakisema kwamba walikuwa wacheza kriketi, eti barua ya mwaliko ilipelekwa kwa klabu isiyohusika. Ni hadithi tamu, lakini wanaochunguza historia wanaitilia shaka, na mimi naona inawaonea tu. Lililo wazi ni kwamba hawakuwa na uzoefu, na langoni walimsimamisha Andrew Lornie, ambaye kwa kawaida hakuwa kipa.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nyavu za magoli zilikuwa bado hazijabuniwa, hivyo kila goli likiingia mpira ulipitiliza na mtu alilazimika kuukimbilia na kuurudisha. Pamoja na muda wote uliopotea hivyo, Arbroath walifunga kwa wastani wa goli moja kila dakika mbili na nusu. Mapumziko yalifika wakiwa wanaongoza 15-0. Winga mmoja wa miaka 18, John Petrie, alifunga mabao 13 peke yake, yaani hat-triki nne na moja la nyongeza. Mwamuzi, Dave Stormont, alikataa mengine kadhaa kwa kuotea. Na kipa wa Arbroath, Jim Milne? Husimuliwa kwamba hakuugusa mpira hata mara moja, akawa amesimama chini ya mwavuli wa mtazamaji mmoja ili asilowe.

Sifa zote humwendea Petrie, na anastahili. Mimi huwafikiria zaidi wale wa Bon Accord. Wamefungwa 15, wamelowa chapachapa, hawana pa kujificha, na bado waliingia tena kipindi cha pili. Wakaongezwa 21. Hakuna aliyesusa. Linganisheni na mechi ya Madagaska ya mwaka 2002, ambapo AS Adema waliwashinda SO l'Emyrne 149-0 bila hata kufunga wenyewe: SO l'Emyrne walikuwa wamemkasirikia mwamuzi wa mechi iliyotangulia, wakawa wanajifunga makusudi mpaka kipenga cha mwisho. Hesabu ni kubwa kuliko ya Arbroath, lakini siwezi kuiita mechi.

Kuna kichekesho kimoja kilichotokea siku ileile. Dundee, jirani kabisa na Arbroath, klabu iliyoitwa Dundee Harp ilikuwa inaifunga Aberdeen Rovers 35-0. Husimuliwa kwamba mwamuzi alihesabu 37, lakini kiongozi wa Harp, kwa uungwana wake, akamwambia kwamba yeye amehesabu 35 tu, na hiyo ndiyo ikaandikwa. Jioni wakapeleka simu ya maandishi Arbroath kutangaza rekodi yao mpya. Walipojibiwa kwamba Arbroath wamefunga 36, walidhani wanataniwa.

Miaka hiyohiyo Arbroath walikuwa wanamlea kipa mwingine, Ned Doig, aliyeidakia timu ya taifa ya Uskoti mwaka 1887 akiwa bado mchezaji wao. Baadaye alihamia Sunderland na kutwaa ubingwa wa ligi ya England mara nne. Doig alikuwa na upara na hakutaka uonekane, kwa hiyo alidaka akiwa amevaa kofia aliyoifunga kwa mpira wa kuvutika chini ya kidevu. Wenzake walimtania kwamba kofia ikianguka, ataikimbilia kwanza kabla ya kuukimbilia mpira.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka madaraja, na nyingine nyingi za kukaa tu chini. Nitaokota siku moja humo. Februari 1974, Arbroath wakiwa ligi kuu chini ya kocha Albert Henderson, aliyekaa nao miaka 18, walikwenda Ibrox, nyumbani kwa Rangers, wakashinda 3-2. Uwanja ulikuwa wa Rangers wenyewe, kwa hiyo safari hii hakukuwa na wa kumlalamikia upana.

Kisha akaja Dick Campbell mwaka 2016, mzee wa kofia naye, msaidizi wake akiwa Ian, pacha wake. Aliwakuta daraja la nne, la chini kabisa. Msimu wa 2016-17 wakatwaa ubingwa wa daraja hilo, na 2018-19 ubingwa wa daraja la tatu. Wachezaji wake walikuwa na ajira nyingine: mchana kazini, mazoezi jioni. Msimu wa 2021-22 walikuwa klabu pekee ya namna hiyo katika daraja la pili. Wengine wote waliishi kwa soka. Na bado waliongoza ligi kwa muda mrefu.

Aprili 2022 wakaenda Kilmarnock, mechi ya kuamua bingwa. Walitangulia kufunga. Zikiwa zimebaki dakika kumi hivi, Kilmarnock wakasawazisha, na dakika ya 89 Blair Alston akafunga la pili. Ubingwa ukaenda. Ilibaki nafasi ya kupanda kwa mechi za mchujo, nako wakatoka sare mara mbili na Inverness, wakatolewa kwa matuta. Miaka miwili baadaye walishuka hadi daraja la tatu, na msimu wa 2024-25 wakatwaa ubingwa wake na kupanda tena.

Mkitaka kuwafuatilia, mechi zao nyingi huchezwa Jumamosi, saa tisa alasiri kwa saa za huko. Wakati wa baridi yao, kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo matokeo mtayapata kwenye saa mbili usiku.