Kwa Nini P2 Inaishinda Kliniki

Jumatatu asubuhi, katika maduka ya dawa ya miji ya Kenya, msichana huuliza kwa sauti ya chini: “P2 iko?” Anataka kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Muuzaji haulizi umri wala ndoa. Pesa inatoka, kidonge kinaingia mfukoni, mambo yamekwisha. Mara nyingine aliyetumwa ni mvulana.

Sasa mtazame msichana huyohuyo kliniki. Upangaji uzazi mara nyingi hutolewa palepale penye huduma za mama na mtoto, kwa hiyo atakaa benchi moja na jirani wa mama yake. Akiingia ndani, huenda akaulizwa: “Umeolewa? Umezaa?” Hata jina la huduma linamsemesha mwenye familia.

Juu ya aibu kuna hofu, itokanayo na uvumi kwamba njia za kuzuia mimba zinazotolewa kliniki “huharibu kizazi”. Uvumi huu una chembe ya ukweli iliyokuzwa. Baada ya kuacha sindano ya miezi mitatu, uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, kisha hurudi. Kwa vidonge, kipandikizi na kitanzi hurudi mapema. Hedhi inapobadilika au kukoma kwa sababu ya homoni, asiyeelezwa mapema huona ushahidi wa madhara.

Hivyo P2, iliyokusudiwa kwa dharura, inageuzwa kuwa njia ya kila wiki. Huchelewesha yai kutoka, na inafaa kumezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Yai likishatoka, haina msaada. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, wala haizuii Virusi vya Ukimwi. Kuzuia virusi hivyo ni kazi ya kondomu, ambayo wapenzi wengi huiacha mara tu wanapoanza kuaminiana. Kwa anayefanya ngono mara kwa mara, P2 humkinga kidogo kuliko njia inayodumu kwa miaka kama kipandikizi, ambacho watumiaji wake wanaoshika mimba ni chini ya mmoja kwa 100 kila mwaka.

Shirika la Afya Duniani linasema umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu njia yoyote, na asiyewahi kuzaa anaweza kuwekewa kipandikizi au kitanzi. Basi mhudumu aanze na swali linalomsaidia kuchagua njia: “Ungependa kupata mtoto lini, kama unataka?” Na aliulize mlango ukiwa umefungwa.